Kupima umaskini wa kaya kwa dodoso la ukurasa mmoja

Siri ya mtungi aijuaye kata. Ukipita njiani kijijini unaona paa la bati, unaona ng'ombe wawili zizini na watoto waliovaa sare, unajisemea kwamba hapa mambo si haba. Kumbe ndani debe la mwisho la mtama liliisha majuma mawili yaliyopita, na ng'ombe mmoja ni wa shemeji, amewekwa hapo atunzwe tu. Mwongozo huu ni wa yeyote anayetaka kuijua hali ya ndani kwa maswali machache, bila kumdhalilisha mtu na bila kutumia fedha ambazo hana: kikundi cha kuweka na kukopa, asasi ndogo, kamati ya msikiti au ya parokia, serikali ya kijiji, mwanafunzi anayeandaa utafiti wake. Mifano yangu ni ya vijiji vya mkoa wa Singida, katikati ya Tanzania, nilikofanya kazi ya udadisi kwa misimu kadhaa.

Kwanza, achana na swali la kipato

Dodoso langu la kwanza lilianza hivi: "Kwa mwezi unapata shilingi ngapi?" Mzee mmoja alinitazama kwa upole, akaniuliza, "Mwezi upi, mwanangu?" Alikuwa na haki. Mkulima wa alizeti hana mshahara wa mwisho wa mwezi. Anavuna kuanzia Mei, anauza magunia, analipa madeni, na kufikia Januari anaishi kwa vibarua vya palizi na kuku anayeuzwa mmoja mmoja. Chakula anachokula amekilima mwenyewe, hakikupita sokoni. Isitoshe, mume hajui mkewe anapata kiasi gani kwenye pombe ya kienyeji au mandazi, na mke hajui bei halisi ya ile mbuzi iliyouzwa mnadani. Na wote wawili wanashuku kwamba atakayetaja kidogo ndiye atakayesaidiwa.

Ndiyo maana wataalamu wa takwimu nchini hupima matumizi badala ya kipato. Ofisi ya Taifa ya Takwimu hufanya Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya, na katika ule wa mwaka 2017/18 mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, yaani kiwango ambacho anayetumia pungufu yake huhesabiwa maskini, uliwekwa kwenye shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Chakula peke yake kilikuwa shilingi 33,748. Watoto huhesabiwa kama sehemu ya mtu mzima, kwa kuwa wanakula pungufu, kwa hiyo kaya ambayo jumla yake ni sawa na watu wazima 4 ilihitaji matumizi ya shilingi 197,280 kwa mwezi ili isiwe chini ya mstari, na thamani ya mahindi au mtama waliojilimia imo ndani ya hesabu hiyo. Kwa kipimo hicho asilimia 26.4 ya Watanzania Bara walikuwa maskini, na vijijini asilimia 31.3.

Kupima kwa namna hiyo ni kazi kubwa. Kaya huandika kila kinacholiwa na kila kinachonunuliwa, siku baada ya siku, na mdadisi, yaani mtu anayeuliza maswali ya dodoso, hurudi mara kwa mara. Kikundi cha watu wanane chenye baiskeli tatu hakiwezi. Kinachowezekana ni kuuliza mambo machache yanayoonekana kwa macho, ambayo tayari imethibitika kwamba yanakwenda sambamba na matumizi.

Hatua ya 1: Amua majibu yatafanya kazi gani

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kuna maswali mawili tofauti. La kwanza: kati ya wanachama wetu, au kati ya kaya za kijiji hiki, ni sehemu gani walio maskini, na je, hali inabadilika? La pili: kaya ya fulani ipewe msaada au isipewe? Dodoso fupi linajibu la kwanza vizuri. La pili linalijibu kwa makosa mengi, na kosa moja ni kaya inayolala njaa huku jina lake halimo kwenye orodha.

Nina mfano ambao sitausahau. Bibi mmoja alitukaribisha kwenye nyumba ya bati yenye sakafu ya saruji, madirisha ya nondo, na sola ndogo juu ya paa. Kila swali lilimpandisha alama. Tulipofika kwenye chakula nikamuuliza, "Bibi, jana usiku mlikula nini?" Akanyamaza kidogo, akasema, "Uji, mjukuu wangu. Uji wa chumvi." Nyumba alijengewa na mwanawe aliye mjini, ambaye kwa mwaka wa pili alikuwa hatumi kitu. Alikuwa analea wajukuu wanne. Kwa alama zake alikuwa miongoni mwa wanaojiweza.

Kwa hiyo, ikiwa lengo lenu ni kuchagua nani asaidiwe, alama ziwe mwanzo wa mazungumzo tu. Hata Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unaoendeshwa na TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa serikali, hauanzi na dodoso: wanajamii wenyewe hutaja kaya katika mkutano, kisha ndipo dodoso hufuata kuhakiki.

Hatua ya 2: Chukua kipimo kilichokwisha kujaribiwa

Usikae chini ya mwembe ukajitungia alama, kwamba bati ni tano na redio ni tatu. Alama zinazoaminika zimetokana na data za maelfu ya kaya. Kipimo ninachokipendekeza kwa vikundi vidogo ni kadi ya maswali 10 ijulikanayo kama PPI (Poverty Probability Index, yaani kipimo cha uwezekano wa umaskini). Mtaalamu aliyebuni mbinu yake ni Mark Schreiner, akishirikiana na Grameen Foundation. Mwaka 2016 ilihamia chini ya Innovations for Poverty Action, asasi ya utafiti wa umaskini. Kila nchi inayohusika ina kadi yake, na ya Tanzania ilitokana na Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya. Inapatikana bure kwenye mtandao. Maswali ni ya aina hii: kaya ina watoto wangapi, wote wenye umri wa shule wanasoma, sakafu ni ya nini, mnapikia nini, mna meza. Kila jibu lina alama, jumla ni kati ya 0 na 100, na kuna jedwali linaloonyesha, kwa kila jumla, uwezekano wa kaya hiyo kuwa chini ya mstari wa umaskini.

Angalia kadi unayoipakua imetengenezwa kwa utafiti wa mwaka gani, utumie ya karibuni zaidi. Simu ya mkononi iliyokuwa anasa miaka ya nyuma leo haimtofautishi mtu na mwenzake. Na usibadilishe swali hata moja, wala kuliondoa, wala kuliongezea jibu. Alama zilipigwa kwa maneno yale yale. Ukiyagusa, jedwali halikuhusu tena.

Kando ya PPI, weka maswali matatu ya njaa, kwa sababu mali huchelewa kusema. Kaya iliyoanguka mwaka huu bado ina meza na baiskeli. Maswali haya hutumika nchi nyingi na yanahusu majuma manne yaliyopita:

Je, kuna siku nyumbani hapakuwa na chakula cha aina yoyote kwa kukosa uwezo wa kukipata?
Je, kuna mtu wa kaya hii aliyelala njaa usiku kwa sababu chakula hakikutosha?
Je, kuna mtu aliyeshinda mchana kutwa na usiku kucha bila kula chochote kwa sababu chakula hakikutosha?

Akisema hapana, andika 0. Akisema ndiyo, uliza mara ngapi: mara 1 hadi 10 ni alama 1, zaidi ya mara 10 ni alama 2. Jumla ya 0 au 1 ni njaa kidogo au hakuna, 2 au 3 ni njaa ya wastani, 4 hadi 6 ni njaa kali. Yule bibi alipata 4.

Hatua ya 3: Waulize wenyeji umaskini wanautambuaje

Hatua hii hurukwa na wataalamu wengi, na kwangu ndiyo yenye faida kuliko zote. Kabla ya dodoso, kaa na makundi matatu: wazee wa kiume, akina mama, na vijana. Wakae mbalimbali, maana mama hatasema mbele ya mkwewe. Usitaje jina la mtu. Uliza tu: hapa kwenu, mtu anayejiweza mnamtambua kwa nini? Na mtu ambaye hali yake ni ngumu?

Majibu yatakufundisha. Katika kijiji kimoja wazee walisema anayejiweza ana jozi ya maksai na plau, kwa hiyo analima mapema mvua za kwanza zikidondoka. Asiye nayo anasubiri kuazimwa, na mbegu yake inaingia ardhini imechelewa. Akina mama hawakutaja plau kabisa. Walisema maskini ni yule anayekwenda kibarua cha palizi shambani kwa watu wakati shamba lake mwenyewe limemezwa na magugu. Kina mama wale walikuwa wamenieleza kwa sentensi moja jinsi umaskini unavyojizaa: unauza nguvu zako leo ule leo, mavuno yako yanakufa, na mwakani unauza tena.

Kutokana na mazungumzo hayo tukaongeza maswali mawili chini ya kadi, ambayo hayaingii kwenye alama za PPI. La kwanza: "Chakula mlichovuna mwaka jana kiliisha mwezi gani?" La pili: "Msimu uliopita, kuna aliyekwenda kibarua cha shamba kabla ya kumaliza palizi ya shamba lenu?" Hilo la kwanza, swali la ghala, limenisaidia kuliko swali lolote la fedha nililowahi kuuliza. Watu hawalionei aibu, wanalikumbuka vizuri, na tofauti kati ya anayejibu "Oktoba" na anayejibu "Machi" ni tofauti ya maisha mawili. Maswali yenu yatakuwa mengine. Pwani huenda yakahusu ngalawa na nyavu, mjini yakahusu kodi ya chumba.

Hatua ya 4: Kubalianeni kaya ni nini

Kaya ni watu wanaolala pamoja kwa kawaida na kula chungu kimoja. Andika hivyo juu ya dodoso, kwa herufi kubwa. Ukiuliza tu "hapa mko wangapi?" utahesabiwa mtoto aliyeolewa kijiji cha pili, na kusahauliwa mtoto wa ndugu aliyeletwa kulelewa. Mwanafunzi wa bweni, mume aliye migodini, mgeni aliyekuja msibani akabaki miezi miwili: amueni mapema kila mmoja anahesabiwa vipi, mfuate maelezo ya kadi yalivyo, na wadadisi wote wafanye hivyo hivyo.

Kaya za wake wengi zina mtego wake. Kila mke akiwa na jiko lake, ghala lake na watoto wake, hizo ni kaya mbili au tatu hata kama mzee ni mmoja. Tuliwahi kuziunganisha, na bi mdogo aliyekuwa na njaa akapotea ndani ya utajiri wa bi mkubwa.

Hatua ya 5: Chagua kaya kwa haki

Ukimwachia mwenyekiti wa kitongoji akuchagulie, atakupeleka ama kwa watu wake, ama kwa wale wenye dhiki kuliko wote ili msaada uje. Hafanyi kwa ubaya. Mwombe daftari la wakazi, kaa na mabalozi wa nyumba kumi mlisahihishe (waliohama, waliofariki, waliojenga juzi pembeni), kisha chagua kwa hesabu.

Tuseme kijiji kina kaya 400 na mna uwezo wa kufika kaya 80. Gawanya 400 kwa 80, unapata 5. Andika namba 1 hadi 5 kwenye vikaratasi, mtoto achague kimoja mbele ya watu. Akitoa 3, mnaanza na kaya ya 3, ya 8, ya 13, ya 18, hadi mwisho. Kwa kaya 80 katika 400, jibu lenu linaweza kupotoka takriban pointi 10 za asilimia juu au chini. Mkitaka lipungue hadi pointi 5, itabidi mfike kaya 200 hivi. Kwa kikundi kidogo 80 zinatosha, mradi mseme wazi kwamba hilo ni kadirio.

Kaya iliyochaguliwa isibadilishwe kwa jirani kwa sababu mlango umefungwa. Rudini jioni, rudini kesho. Milango inayofungwa mchana mara nyingi ni ya watu waliokwenda kibarua, na hao ndio mnaowatafuta.

Hatua ya 6: Kibali na ridhaa

Pitieni ofisi ya mtendaji wa kijiji, na kama kazi ni utafiti rasmi ulizeni wilayani taratibu za kibali. Tangu mwaka 2022 Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa hiyo majina ya watu si mali ya kikundi. Jina likae kwenye orodha moja iliyofungiwa, na dodoso libebe namba tu.

Kwa mhojiwa, maneno haya yanatosha: "Shikamoo mama. Tunatoka kikundi fulani. Tunauliza hali za kaya ili tujue kikundi chetu kinawafikia watu gani. Majibu yako hayatakupa msaada wala kukunyima. Swali usilolipenda tuliache, na ukitaka tuishie njiani tutaishia. Itachukua kama nusu saa. Tuendelee?" Sentensi ya msaada isemwe polepole, na isemwe kwa kweli. Kama kuna msaada unaokuja, usidanganye kwamba haupo.

Hatua ya 7: Wafunze wadadisi, fanyeni jaribio

Siku mbili za mafunzo, na ya tatu ni ya jaribio kwenye kitongoji ambacho hakimo katika sampuli, yaani hakina kaya mlizochagua. Wadadisi wahojiane wao kwa wao kwanza. Mtu akishaulizwa mwenyewe "kuna siku mlilala njaa?" anajua swali hilo linaulizwa kwa sauti gani.

Sikiliza wanavyosoma. Mdadisi mmoja alikuwa akiuliza, "Watoto wote wanasoma, siyo?" Huyo amekwisha kujibu. Mwingine alitafsiri swali kwa Kinyaturu kila nyumba kwa namna yake. Kama wahojiwa wengi hawastarehe na Kiswahili, kaeni chini mwandike tafsiri moja, mtu mwingine airudishe kwenye Kiswahili, mlinganishe.

Karatasi inatosha. Kama mna simu janja, programu ya KoboToolbox haina malipo kwa kazi za kiasi hiki, inafanya kazi pasipo mtandao na huokoa siku nzima ya kuingiza data. Ila beba dodoso chache za karatasi, maana chaji huisha.

Hatua ya 8: Siku ya uwandani

Nenda asubuhi mapema au jioni. Piga hodi, salimu, pokea kigoda ulichopewa. Zungumza na anayejua jiko na watoto, mara nyingi mama, pasipo kundi la majirani kusimama mlangoni. Kinachoonekana, kama sakafu au paa, kiangalie mwenyewe wala usikiulize. Lakini usiingie chumbani bila kukaribishwa, na usifungue ghala la mtu.

Nikuambie kitu kuhusu mali. Kabla ya kuandika "ndiyo", uliza kama kitu ni cha kaya na kinafanya kazi. Nimewahi kuona redio ikiwa imefunikwa kitambaa cha kudarizi, imepangwa vizuri juu ya kabati. Mama aliponyanyua kitambaa, ndani kulikuwa na vifaranga wawili waliowekwa humo wapate joto. Mashine ya redio ilikwisha kutolewa zamani. Fuata maelezo ya kadi yanavyosema kuhusu kitu kibovu, na andika pembeni ulichokiona.

Jioni, msimamizi apitie kila dodoso kabla ya kulala. Kaya 10 kati ya 80 zirudiwe na mtu mwingine kwa maswali matatu au manne, mlinganishe majibu.

Hatua ya 9: Piga hesabu kwa wastani

Kosa la kawaida ni kuchora mstari kwenye alama na kusema walio chini yake ni maskini. Jedwali linakupa uwezekano, kwa hiyo tafuta wastani wake. Chukua kaya tano ambazo uwezekano wao ni asilimia 45, 40, 40, 35 na 30. Ukihesabu zile zilizovuka nusu, utasema hakuna maskini hata mmoja. Ukijumlisha unapata 190, gawanya kwa 5, unapata 38. Katika kundi kubwa la kaya za namna hiyo, karibu 38 kwa kila 100 ni maskini. Ukiwa na kaya za ukubwa tofauti na unataka asilimia ya watu badala ya kaya, zidisha kila uwezekano kwa idadi ya wanakaya, jumlisha, kisha gawanya kwa jumla ya wanakaya wote.

Maswali ya njaa na ya ghala yaonyeshwe peke yake, kando ya alama. Kisha zitafute kaya ambazo alama zake ni za juu na njaa yake ni kali. Kwetu zilikuwa sita, na nyingi ziliongozwa na bibi wanaolea wajukuu. Kadi peke yake isingetuonyesha hata moja.

Mkirudia kupima, rudini mwezi ule ule. Juni, magunia yakiwa ndani, na Februari, watu wakila mlenda na ugali mwembamba, ni kama vijiji viwili.

Hatua ya 10: Rudisheni majibu

Omba nafasi kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Usisome jina, wala namba ya kaya, wala mfano ambao watu watamtambua mwenyewe. Sema: kati ya kaya 100, kadirio letu ni hizi, chakula kiliisha mwezi huu kwa wengi, hapa hatuna uhakika. Tulibandika karatasi kubwa ukutani, tukachora ghala 20, na chini ya kila moja mwezi ambao lilibaki tupu.

Watu walizitazama ghala zile kwa muda mrefu. Kisha mama mmoja alisimama akasema tumesahau maji: kiangazi, kisima cha jirani kilipokauka, alitumia nusu siku kufuata ndoo mbili, na nusu siku hiyo ilikuwa ya shamba. Tuliliandika swali lake pale pale mbele ya mkutano, tukamsomea, akalisahihisha mara mbili. Sasa lipo kwenye dodoso letu, la mwisho chini ya ukurasa.